Hesabu ya Februari

Haukur amefika na mashine yake ya kupima mimba,
gari limepakwa theluji mpaka kwenye vioo.
Jana alikuwa Bakki, kesho yuko ng'ambo ya mto.
Kondoo mia mbili na kumi na sita, anasema,
tumalize kabla ya giza.

Anakaa kwenye kigoda kama fundi viatu,
anapitisha kidude chini ya tumbo,
sekunde nne, tano, macho kwenye kioo cha kijivu,
kisha anapaza sauti: Wawili! Wawili! Mmoja!
Watatu huyu, maskini!
Mimi nashika makopo ya rangi.
Mmoja, nyekundu mgongoni. Watatu, buluu.
Wa wawili hapakwi kitu, ndiye tuliyemtarajia.
Mtupu, kijani.

Novemba nililala mimi, Reykjavik, juu ya shuka la karatasi.
Daktari Alfrun, mdogo kuliko mdogo wangu,
alihesabu kwa sauti ya chini:
kushoto mawili. Kulia…
akageuza mkono, akatafuta,
kulia moja.
Akanichorea mstari. Ulianza kushuka taratibu
kama kilima cha nyuma ya nyumba yetu,
halafu, ulipofika thelathini na saba hivi, ukajiachia.
Uko hapa, akasema, akatia nukta.
Miaka arobaini na miwili na miezi minne.
Ulizaliwa nayo yote. Mengine hayatengenezwi.

Nikawaza nyasi za majira ya baridi.
Ningejua ghalani mna marobota mangapi
ningelisha kwa kipimo.
Akatikisa kichwa: hata usipolisha yanapungua,
hata ukiwa umelala.

Thelathini nilikuwa nalipa deni la trekta.
Kisha baba akaanguka, nikamwosha miaka minne,
na mwanamume niliyekuwa naye
hakutaka ndani ya nyumba kitu chochote kinacholia usiku.
Thorgils alikuja kuziba paa. Nilikuwa na thelathini na tisa.
Paa lilikwisha kwa siku mbili, yeye akabaki.

Watu husema majuto ni mjukuu.
Sawa. Lakini mimi sina mtoto.
Mjukuu huyu amepitia mlango gani?

Sasa ni zamu ya Mora,
manyoya rangi ya kahawa iliyochujwa mara mbili,
miaka kumi na mmoja, meno ya mbele mawili.
Daftari linamjua: mmoja, wawili, wawili, watatu,
wawili tena na tena, mmoja, mmoja,
mwaka jana sufuri.
Kwa sheria yangu mwenyewe angepanda lori Septemba.
Niliandika umri wake uongo. Niliandika minane.

Nimekwisha kulitikisa kopo la kijani.
Haukur anakawia. Anarudia.
Mmoja, anasema. Bibi kizee ana mmoja!
Moyo huo unapiga, njoo utazame.

Sikwenda kutazama.
Nilimwonea wivu kondoo,
wivu hasa, ule wa kukausha koo,
wivu kwa mnyama niliyemwokoa kwa kalamu yangu,
hata Haukur akaniita mara mbili:
Steinvör, rangi! Nyekundu!

Aliyefuata ana miaka miwili,
mnene, meno kamili, zawadi ya maonyesho sikioni.
Mtupu.
Haukur akapima tena, akainua mabega.
Nikampaka kijani kidogo, taratibu, katikati ya mabega,
naye akageuka kunitazama
kama niliyemwita kwa jina la mwingine.

Usiku Thorgils alimenya viazi, hakuinua uso.
Wangapi?
Mia tatu na themanini, tukijaliwa.
Na watupu?

Nilikaribia kusema kumi.

Tisa, nikasema,
nikaendelea kusugua vidole chini ya maji ya moto,
na kile kijani, ndani ya kucha,
hakikutoka.